Kuonja vyakula vya friji ya supamaketi mkiwa wawili: mwongozo kwa wakazi wa Nairobi

Sehemu ya friji ndiyo watu wengi wa Nairobi huipita mbio wakiwa supamaketi. Mtu anaingia Naivas, Quickmart, Carrefour au Chandarana akitoka kazini, anachukua maziwa, soseji na pengine mtindi wa mtoto, huyo kwa keshia. Jibini, paneer (jibini ya Kihindi), samaki wa kugandishwa, hummus (rojo zito la dengu), minji zilizokwisha kuambuliwa, samosa za kujikaangia nyumbani: hivyo anavitupia jicho tu na kuendelea. Ukimuuliza atakwambia ni bei. Bei ni kweli, lakini naamini kinachowazuia wengi ni swali jingine: je, nikinunua halafu kisiliwe?

Mkiwa wawili, swali hilo hupungua makali. Gramu 250 za jibini ni nyingi kwa mtu mmoja asiyejua kama anaipenda. Kwa wawili ni vitafunio vya siku mbili tatu, na mmoja akikataa, mwenzake yupo wa kumalizia. Kuna faida nyingine ninayoithamini zaidi. Kila mmoja wenu aliingia nyumba hiyo na ulimi uliofunzwa kwao. Mmoja alilelewa kwa maziwa ya kibuyu, mwingine kwa samaki wa ziwani, na huenda hamjawahi kukaa chini mkaulizana kila mmoja husikia nini anapotafuna. Friji ya supamaketi inawapa nafasi hiyo kila wiki bila kusafiri wala kulipia meza hotelini.

Ila chakula baridi kina sharti lake. Kikipata joto njiani hubadilika, na mtakachoonja si kile kilichotoka kiwandani. Mara nyingi mtu hulaumu kampuni kwa mtindi mkali au soseji zinazonuka, na ukifuatilia unakuta pakiti ilishinda kwenye buti ya gari huku Mombasa Road ikiwa imefunga. Ndiyo maana naanza na friji yenu, kisha ndiyo tuende dukani.

Hatua ya kwanza: pimeni friji

Nunueni kipimajoto kidogo cha friji. Kitieni ndani ya glasi ya maji, glasi ikae rafu ya katikati usiku kucha, kisha mkisome asubuhi kabla ya mlango kuanza kufunguliwa ovyo. Hewa ya ndani hubadilika kila mlango unapofunguliwa, lakini maji yanakaribia joto halisi la chakula. Mnatafuta 4°C au chini kidogo, bila kufika kuganda. Mkikuta 7 au 8, zungusheni kidude cha ndani kuelekea namba kubwa, kwa sababu kwenye friji nyingi namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Ngojeni siku nzima, mpime tena. Angalieni pia mpira wa mlango: banisheni karatasi mlangoni, fungeni, kisha ivuteni. Ikitoka bila kushikwa, baridi inavujia hapo.

Friza inatakiwa kuwa −18°C. Nyumba nyingi za kupanga zina friji ndogo ya mlango mmoja, na kile kijichumba chake cha barafu mara nyingi hakifiki huko. Samaki wa kugandishwa akiwekwa humo hatadumu ile miezi iliyoandikwa kwenye pakiti. Mwekeni siku chache, mmle.

Nyama mbichi ikae rafu ya chini kabisa, ndani ya bakuli, ili majimaji yake yasidondokee chochote. Maziwa na mtindi vikae ndani kule nyuma. Mlangoni ndipo penye joto kuliko kwingine kote, kwa hiyo pawe pa tomato sosi, achari na soda.

Hatua ya pili: semeni mapema nani hali nini

Mazungumzo haya yafanyike nyumbani. Msiyafanyie mbele ya friji ya duka huku foleni ya troli ikiwasukuma. Soseji na smoki hutengenezwa kwa nguruwe, ng'ombe au kuku, na rangi haikwambii ni ipi. Lebo ndiyo inayosema. Kama mmoja wenu ni Muislamu, tafuteni alama ya halali, na msome pia mtindi na vitindamlo kwa sababu baadhi huongezwa gelatini, ambayo hutokana na wanyama. Msabato naye ataulizia nguruwe na samaki wasio na magamba.

La pili ni tumbo. Watu wazima wengi wa asili ya Afrika hawana uwezo mkubwa wa kusaga laktosi, ile sukari ya maziwa, na ndiyo sababu mtu akinywa glasi ya maziwa baridi tumbo linajaa gesi. Mtu huyohuyo mara nyingi hula mala, mtindi au jibini iliyokomaa bila shida, kwa kuwa bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo. Kwa hiyo mwenzako akikwambia maziwa hayampendi, usiifungie rafu nzima ya maziwa.

La tatu nalitilia mkazo. Kama mna mimba au mnaitafuta, yapo ya kuacha kwa muda. Bakteria aitwaye Listeria hukua hata ndani ya friji, polepole lakini hukua, na kwa mwenye mimba anaweza kusababisha kuharibika kwa mimba. Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018, polony iliyotoka kiwanda kimoja ilileta mlipuko ambao watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 walikufa, wakiwemo watoto wachanga wengi. Kwa hiyo hemu, polony na smoki zisiliwe baridi. Zipashwe hadi zitoe mvuke. Maziwa ambayo hayajachemshwa au kusafishwa kwa joto yaachwe, pamoja na jibini lolote lililotengenezwa kwa maziwa hayo.

Kisha pangeni pesa. Chakula kimoja kipya kwa wiki kinatosha, na kama bajeti inaruhusu mnunue aina mbili za kitu hichohicho kutoka kampuni mbili. Vitu vitano vipya kwa mpigo havionjwi sawasawa, na kimoja kitasahaulika nyuma ya sufuria ya wali.

Hatua ya tatu: dukani

Maliza unga, sabuni na mafuta kwanza. Friji iwe kituo cha mwisho kabla ya keshia.

Tazameni friji yenyewe kabla ya bidhaa. Nyingi zina kionyesha joto kwenye ukingo wa juu. Friji zilizo wazi mbele huwa na mstari unaoonyesha mwisho wa kupanga bidhaa. Chochote kilichorundikwa kupita mstari huo hakifikiwi vizuri na hewa baridi, hata kama kilicho chini yake ni barafu tupu. Shikeni pakiti kwa kiganja. Mtindi unatakiwa ukushtue kidogo kwa baridi. Ukiwa vuguvugu urudisheni, hata kama bei imepunguzwa.

Wafanyakazi hupanga mzigo wa zamani mbele na mpya nyuma, kwa hiyo nyoosheni mkono hadi nyuma. Tarehe husomwa siku kwanza, kisha mwezi. Kumbukeni pia kwamba maneno "Use By" na "Best Before" hayana uzito sawa. La kwanza ni la usalama: ikipita, msile. La pili ni la ubora: ikipita kidogo, chakula kinaweza kuwa kimepungua ladha tu, mradi kilitunzwa vizuri. Pakiti zinazoshushwa bei kwa kukaribia tarehe ni nafuu nzuri kwa wawili mtakaokula usiku huohuo. Msizibebe kwa mpango wa Jumapili.

Pakiti iliyovimba ina habari. Ndani ya mtindi au soseji, uvimbe huwa ni gesi ya vijidudu wanaoendelea kula. Mtu anaweza kujitetea kwamba pakiti za krispi kutoka pwani nazo huvimba zikifika Nairobi, na ni kweli, kwa sababu tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ya hapa ni nyepesi. Lakini mtindi uliofungwa Limuru, mahali palipo juu kuliko Nairobi, hauna sababu ya kuvimba unaposhuka mjini. Uacheni.

Kwa vitu vya kugandishwa, tikiseni pakiti. Minji zinatakiwa zitikisike moja moja. Zikiwa bonge moja, au mkiona barafu nene ya chenga ndani ya pakiti, huenda ziliyeyuka zikagandishwa tena. Samaki nao hufunikwa ganda jembamba la barafu ili wasikauke. Soma uzito halisi ulioandikwa, usilipie maji. Soma na nchi aliyotoka: tilapia wa kugandishwa kutoka China huuzwa sana Nairobi, na mliyetaka wa Ziwa Victoria mtamjua kwa lebo tu, maana kipande kisicho na ngozi hakionyeshi kwao.

Nyama ya ng'ombe iliyokatwa kwenye trei ina jambo lake. Nyama halisi hubadilika rangi: nyekundu ikikaa siku chache hugeuka kahawia, hata ndani ya friji. Julai 2019 runinga ya NTV ilitangaza uchunguzi kuhusu nyama iliyotiwa kemikali ya kuhifadhi, sodiamu metabisalfaiti, ili iendelee kuonekana mbichi. Tangu hapo wekundu mkali nauchukulia kama swali la kumuuliza muuzaji. Anayejua nyama yake hujibu bila kusita imechinjwa lini na imetoka wapi.

Na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iwepo kwenye pakiti.

Hatua ya nne: njiani

Kanuni ni saa mbili. Chakula cha friji kisikae nje zaidi ya hapo, na kwenye gari lililoanikwa juani, ambamo joto hupita 32°C kwa urahisi, ni saa moja tu. Hesabuni kuanzia mlipotoa kitu kwenye friji ya duka, pamoja na foleni ya keshia, kusubiri matatu na msongamano wa Thika Road saa kumi na mbili jioni.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo mna mfuko wenu tayari. Ufanyeni mfuko wa baridi. Gandisheni chupa ya maji ya nusu lita usiku uliotangulia, mwende nayo, muiweke katikati ya vitu baridi, mvifunge vyote pamoja kwa magazeti ya zamani. Kiondo kizito kinafaa kabisa. Vitu baridi vikikaa pamoja hulindana, lakini vikitawanywa kwenye mifuko mitatu kila kimoja hupoteza baridi yake haraka. Mkiwa wawili gawaneni kazi: mmoja anashika mfuko wa baridi na kuupeleka moja kwa moja ndani ya friji, mwingine atapanga unga na sabuni baadaye. Kama mnaletewa na boda boda, mmoja awe nyumbani kupokea. Mzigo usiachiwe askari wa geti.

Hatua ya tano: onjeni kila mtu kivyake, kisha mzungumze

Hapa ndipo wenzi wengi huharibu. Mmoja anatia kijiko mdomoni, anakunja uso, na mwingine hata hajaonja ameshajua jibu. Au mmoja anasifu kwa nguvu na mwenzake anakubali ili jioni ipite kwa amani. Dawa ni kalamu. Kila mmoja aonje akiwa kimya na aandike mambo matatu: harufu, ladha, na jinsi kinavyohisi mdomoni, halafu alama kati ya 1 na 5. Mkishaandika ndipo karatasi zigeuzwe.

Mkiwa na kampuni mbili za kitu kimoja, ficheni majina. Mmoja amimine jikoni kwenye vikombe vinavyofanana, akiweka alama chini ya kikombe, na mwingine aonje. Kisha mbadilishane kazi. Kuna jaribio zuri zaidi ambalo wataalamu wa kuonja hutumia: vikombe vitatu, viwili vya kampuni moja na kimoja cha nyingine, na mwonjaji atafute kilicho tofauti. Anayebahatisha ana nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo rudieni mara kadhaa kabla ya kuamini. Mtashangaa ni mara ngapi mtu anayeapa kwamba hawezi kunywa maziwa ya kampuni fulani anashindwa kuyatambua. Hapo msichekane. Furahini kwamba sasa mnaweza kununua ya bei nafuu.

Baridi hufunga ulimi. Utamu na harufu hupungua chakula kikiwa baridi sana, kwa hiyo jibini itolewe kama nusu saa kabla ya kuonjwa. Mtindi na mala vionjwe vikitoka tu. Katikati ya kuonja kunyweni maji ya kawaida na mtafune kipande cha chapati isiyo na chumvi nyingi. Na msionje mkiwa na njaa kali, kwa sababu mwenye njaa hutoa 5 kwa kila kitu.

Baada ya karatasi kugeuzwa, ulizaneni "unakumbuka nini?" kabla ya "umependa?". Mwenzako akisema mala hii imepooza, muulize ya kwao ilikuwaje. Huenda akakusimulia kibuyu cha nyanya yake, na mkapata mazungumzo ambayo hakuna filamu ya jioni ingewapa.

Mwanzie wapi

Maziwa, bila shaka. Hiyo ndiyo rafu tajiri kuliko zote Nairobi, na tofauti zake ni wazi hata kwa ulimi usiozoea. Maziwa ya kawaida ya pakiti hupashwa joto la karibu 72°C kwa sekunde 15, na lazima yakae kwenye baridi. Yale ya muda mrefu hupashwa zaidi ya 135°C kwa sekunde chache, hukaa nje miezi hadi yafunguliwe, na yana ladha kama ya maziwa yaliyochemshwa sana. Wekeni vikombe viwili, muonje hiyo tofauti mara moja, na mtajua kwa nini chai ya mmoja wenu haimridhishi mwingine.

Kisha mala na mtindi wa kawaida usio na sukari, pamoja. Mala huachwa igande kwa joto la chumba, la nyuzi ishirini na kitu, na bakteria wanaopenda hali hiyo. Mtindi hugandishwa kwa joto la karibu 42°C na bakteria wengine kabisa. Ndiyo sababu mala ni laini na ina harufu inayokaribia siagi, ilhali mtindi una ukali wa kukata. Kama mmoja wenu ni Mkalenjin, mala ya supamaketi haitashindana na mursik, kwa sababu mursik hukomaa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa miti kama senetwet, na moshi huo hauko kwenye pakiti. Ileni kama kitu kingine, na ugali na sukuma.

Mtindi wenye matunda usomwe lebo kwanza. Maziwa yenyewe huwa na gramu 4 hadi 5 za sukari ya asili katika kila gramu 100. Lebo ikisema 12, gramu 7 hivi zimeongezwa, na kwenye kikombe cha gramu 150 hiyo ni kama vijiko viwili na nusu vya chai. Mimi napendekeza mnunue mtindi usio na sukari na embe moja kwa mama mboga. Mtapata mtindi wa embe wenye embe.

Jibini ni ya wiki ya pili au ya tatu. Kenya tunatengeneza nzuri: Brown's wako Tigoni, Limuru, na Raka wako Nyeri. Anzeni na gouda changa, ambayo ni tamu na haina harufu ya kutisha, kisha cheddar. Msianze na ya buluu. Paneer ni mlango rahisi zaidi kwa anayesema hapendi jibini, kwa kuwa haina chumvi nyingi wala harufu. Hugandishwa kwa kutia ndimu au siki kwenye maziwa ya moto, na kwa sababu hiyo haiyeyuki hata ikipikwa. Ikaangeni vipande hadi vipate rangi, mvitupie kwenye mchuzi wa minji na nyanya kama wanavyopika Wahindi wa Parklands na Ngara, mle na chapati. Mozzarella hufanya kinyume: huvutika na kuyeyuka, na juu ya mkate wa kuchoma na nyanya inatosha kuwa chakula cha jioni.

Soseji mnazijua, kwa hiyo jaribuni ambazo hamjazoea: za kuku, za viungo, au soseji nene mbichi. Smoki kwa kawaida huwa zimeiva na zinahitaji kupashwa tu, lakini soseji mbichi lazima ziive hadi katikati. Moto mdogo, kifuniko kwanza, kisha rangi mwishoni. Someni kiasi cha nyama kwenye lebo: viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi, na wanga ukitajwa mapema mnalipia wanga.

Kuku wa kugandishwa huzua ugomvi kati ya aliyekulia magharibi mwa Kenya na wengine wote. Kuku wa kisasa, kama wale wa Kenchic, huchinjwa akiwa na wiki chache tu, na nyama yake haitaki saa mbili za kuchemshwa kama jogoo wa kienyeji. Ukimpika hivyo atatawanyika, na utasema hana ladha. Mwachieni usiku mzima na mchana ayeyuke ndani ya friji, si kwenye sinki. Msimwoshe kwa bomba, kwa sababu maji hurusha vijidudu hadi kwenye kachumbari. Mkaangeni au mwokeni hadi ndani yake pafike 74°C, au kwa asiye na kipimajoto, hadi majimaji ya paja yatoke bila wekundu.

Vitu vya kuchemsha, kama minji au tambi mbichi zilizojazwa nyama, viongezeeni dakika moja mbili juu ya zile za pakiti. Kwa urefu wa Nairobi maji huchemka karibu 94°C badala ya 100.

Mboga za majani zilizokatwa tayari sizipendekezi. Mama mboga wa karibu nanyi anawakatia sukuma, managu au kunde mkiwa mmesimama hapo, kwa bei ndogo, na sukuma iliyokatwa huanza kunyauka tangu kisu kinapopita. Minji za kugandishwa nazo ni nzuri, maana hugandishwa mapema baada ya kuvunwa.

Hummus, saladi ya kabeji, juisi freshi isiyopashwa joto: nunueni kidogo, mle ndani ya siku mbili tatu baada ya kufungua, na msilambe kijiko mkirudisha ndani.

Stima ikipotea

Msifungue mlango. Friji iliyofungwa hushika baridi kama saa nne, friza iliyojaa kama saa 48, na iliyo nusu kama 24. Jazeni nafasi tupu za friza kwa chupa za maji. Kwa wanaosafiri wikendi: gandisheni kikombe cha maji, wekeni sarafu juu ya barafu. Mkirudi mkakuta sarafu imezama katikati au chini, stima ilipotea muda mrefu au tokeni ziliisha mkiwa hampo, na nyama na samaki wa humo watupwe hata kama sasa wameganda tena.

Hatua ya mwisho: karatasi ya mlangoni

Andikeni kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji: jina la kitu, kampuni, tarehe mliyofungua pakiti, na alama zenu mbili. Tarehe ya kufungua ni muhimu kuliko mnavyodhani, maana ile ya kiwandani haihesabu tena baada ya pakiti kukatwa. Maziwa yaliyofunguliwa yaishe kwa siku tatu hivi, hemu vilevile.

Pakiti mkiikuta imeharibika kabla ya tarehe yake, msiitupe. Piga picha ya tarehe na namba ya toleo, chukua risiti, irudishe dukani siku hiyohiyo na umwone msimamizi wa zamu. Wakikuzungusha, malalamiko yanaweza kupelekwa KEBS.

Vitu vilivyopata 4 na 5 kutoka kwenu wote viingie kwenye orodha ya mwezi. Vilivyopata 1 na 2 kwa wote, basi. Kile ambacho mmoja alikipa 5 na mwingine 2 kinunuliwe mara moja zaidi, kipikwe na yule aliyekipenda, kwa namna yake, na aliyekikataa akae mezani asubiri kuletewa.